Kufundisha Maumbo ya Kulia na ya Kushoto

Kila mwanafunzi ajua kwamba kiatu cha kulia hakiufai mguu wa kushoto. Wachache hujua kwamba molekuli nyingi nazo zina sifa hiyo. Isipokuwa glisini, asidi amino zinazojenga protini huweza kuwa na maumbo mawili, moja likiwa kama taswira ya jingine kiooni. Viumbe hai hujengea protini zao umbo la kushoto.

Mwaka 2002 wataalamu wa Aarhus, Denmark, walitangaza matokeo ya jaribio lao. Waliweka asidi amino iitwayo sisteini juu ya dhahabu, maumbo yote mawili yakiwa yamechanganywa, wakaichunguza kwa hadubini yenye ncha kali ipapasayo atomi. Molekuli zilijipanga mbili mbili: kushoto kwa kushoto, kulia kwa kulia. Jozi za mchanganyiko hazikupatikana.

Jambo hili twaweza kulionyesha darasani bila kifaa chochote. Nusu ya wanafunzi watumie mkono wa kulia tu na nusu wa kushoto tu, mkono wa pili ukiwa mgongoni. Kila mmoja amtafute mwenzake ambaye, wakitazamana na kupeana mikono, viganja vitashikana barabara. Jozi zitakazopatikana zitakuwa za mikono ya upande mmoja. Kwa kuwa kwetu kutoa mkono wa kushoto ni kukosa adabu, mwalimu aeleze mapema kwamba hili ni zoezi, si salamu. Wala asiruhusu mwanafunzi atumiaye mkono wa kushoto achekwe.

Baada ya zoezi ndipo maelezo yafuate. Kila molekuli ya sisteini hushikamana na dhahabu mahali pawili, na mahali pa tatu hushikamana na mwenzake. Wawili wa umbo moja huweza kutimiza yote matatu kwa pamoja. Wakiwa wa maumbo tofauti, hawawezi kushikana vema bila kulegeza kiungo kimojawapo.

Hapa tujihadhari. Tukisema kwamba molekuli “hupendana” au “huchaguana”, tutawaachia watoto wazo la uongo ambalo ni vigumu kuling'oa baadaye. Molekuli hazina hiari; umbo na nguvu za viungo ndivyo viamuavyo. Mwanafunzi awezaye kueleza hivyo kwa maneno yake mwenyewe ndiye aliyeelewa somo.