Luberizi: Sashe za plastiki zinalisha familia, lakini takataka nani anabeba?

Siku ya soko Luberizi, kama vile Sange, Luvungi na Uvira mjini, karibu kila kitu kinafungwa ndani ya sashe: chumvi, mafuta ya mawese, unga, hata maji ya kunywa. Mama mwenye kuuza maji kando ya barabara ya kitaifa nambari 5 hana duka. Mtaji wake ni mdogo, na faida ya mchana ndiyo inanunua chakula cha jioni. Lakini maji yakiisha, sashe inabaki chini. Mvua inaibeba mpaka kwenye mitaro, mashamba ya mpunga, mto Ruzizi na mwisho ziwa Tanganyika.

Sheria inasema nini?

Dekreti nambari 17/018 ya tarehe 30 mwezi wa 12 mwaka wa 2017 inakataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na sashe za plastiki katika biashara ya chakula, maji na vinywaji. Kwenye karatasi biashara hiyo imekatazwa. Sokoni inaendelea mchana kweupe.

Kazi gani inapotea?

Wengi wanasema: mkiondoa sashe, mnaua kazi. Ni kweli, lakini ni nusu ya hesabu. Kule Bukavu, takataka zenye kutupwa ziwani Kivu zinashuka mpaka bwawa la Ruzizi I na kuziba mashini. Mafundi wanasimamisha turbini ili watoe plastiki, na umeme unapungua Bukavu, Uvira, hata ng'ambo Burundi. Umeme ukikatika, mashini ya kusaga inasimama, saluni inafunga, mchomelea vyuma anakaa bure. Hizo nazo ni kazi zinazopotea, ila hakuna mwenye kuzihesabu.

Majirani walifanya namna gani?

Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki mwaka wa 2008. Kenya ilifuata tarehe 28 mwezi wa 8 mwaka wa 2017. Wenye viwanda kule walilalamika kwamba viwanda 176 vitaumia na watu karibu 60,000 watapoteza kazi. Mahakama haikusimamisha katazo. Tanzania nayo ilianza tarehe 1 mwezi wa 6 mwaka wa 2019. Kule watu walizoea mifuko ya kitambaa na vikapo, na polisi na watu wa forodha walifuata mambo kwa ukali.

Na hapa kwetu?

Kwa chumvi na unga, njia ipo: kikapo, jani la mgomba, mfuko wenye kushonwa na fundi wa mtaani. Huyo fundi naye anapata kazi. Maji ndiyo magumu. Watu wananunua sashe sababu bomba ni chache, na eneo la Uvira linajulikana miaka mingi kwa kipindupindu. Kuondoa sashe bila kuleta maji safi ni kurudisha watu mtoni.

Kwa hiyo bomba zitangulie. Kukusanya plastiki nako ni kazi: Bukavu kuna watu wenye kuigeuza vikapo na vyungu vya maua. Inabaki swali la nani atalipa ukusanyaji huo. Mama wa soko anapata faida ndogo kwa kila sashe. Mwenye kuziingiza kwa makatoni anapata kubwa. Viongozi wakitaka kutumikisha dekreti, waanze na huyo, kabla ya kumnyang'anya mama beseni yake.