Bei ya Boksi na Bei ya Mwezi

Mteja anayeingia Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, Dar es Salaam, akiwa na laki tatu mfukoni hupokelewa na winga, dalali wa dukani, kabla hajafika kwenye kioo cha duka. Huulizwa mambo mawili: una bei gani, na unataka kamera au chaji? Baada ya hapo maboksi hupangwa mezani na mazungumzo yote huhamia kwenye namba zilizochapwa juu yake, megapikseli 50, GB 8, mAh 5,000, kisha bei hushushwa elfu kumi kumi mpaka pande zote mbili ziridhike. Biashara hufanyika kwa heshima na hakuna aliyedanganywa waziwazi. Hata hivyo swali lenyewe la kiuchumi halikuulizwa. Simu si gunia la mchele ambalo ukilipata kwa bei ndogo umeokoa. Ni chombo kinachochakaa, kama pikipiki, na gharama yake halisi ni jumla ya fedha utakazoitolea ukizigawanya kwa miezi itakayofanya kazi uliyoinunulia. Kwa kipimo hicho, simu ya bei ya chini kabisa dukani mara nyingi hugeuka kuwa ghali, na mambo yanayoamua mengi hayaandikwi kwenye boksi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tuchukulie simu ya shilingi 250,000 inayoanza kukwama mwaka mmoja baadaye na kutupwa droo mwezi wa 15: kila mwezi imekula karibu shilingi 16,700. Ya shilingi 450,000 ikidumu miaka mitatu imekula 12,500 kwa mwezi, na kwa kuwa bado ina mnunuzi wa mkono wa pili, sehemu ya fedha hurudi. Ukiipeleka hesabu hiyo juu zaidi, kwenye simu ya milioni mbili na nusu, hata ikidumu miaka sita mwezi mmoja unagharimu karibu 35,000, na hapo mnunuzi analipia kioo kizuri, picha za usiku na heshima mbele za watu. Heshima nayo ina soko lake, lakini isiingizwe kwenye daftari kama mtaji wa biashara. Kwa hiyo eneo lenye faida kwa mtumiaji wa kawaida liko hatua moja au mbili juu ya sakafu ya bei, na kazi ya mnunuzi ni kujua nini hasa kinairefusha au kuikatisha miezi hiyo.

Cha kwanza kinachoua simu za bei ndogo ni kujaa, kabla hata hazijavunjika. Mfumo wa Android wenyewe huchukua sehemu kubwa ya hifadhi siku ya kwanza. Kisha makundi ya WhatsApp ya ukoo, kwaya, vikoba na wazazi wa darasa la tatu huanza kumimina video, na simu ya GB 32 hufika mahali inamwomba mwenye nayo afute picha za harusi ili ipokee ujumbe wa mazishi. Ikijaa hupungua mwendo, na watu husema imechoka. GB 64 ni mwanzo, GB 128 ndiyo inayomwacha mtu apumue. Kuhusu RAM, mnunuzi asome boksi kama anavyosoma mkataba. Maboksi mengi ya daraja la chini sasa huandika GB 8 kwa herufi kubwa, na chini yake, kwa herufi za kutafuta na miwani, 4+4. Maana yake ni kwamba RAM ya kweli ni GB 4, na nne nyingine zimekopwa kutoka kwenye hifadhi, ambayo ina kasi ndogo kuliko RAM. Anayelipia nane amepata nne na ahadi. Megapikseli nazo zina hila kama hiyo: ubora wa picha hutegemea zaidi ukubwa wa kihisio, lenzi na programu inayoichakata picha, na hivyo kamera ya 50 kwenye simu ya laki mbili inaweza kushindwa na ya 12 kwenye simu ya zamani ya daraja la juu.

Cha pili ni betri, na hapa wazalishaji waliolisoma soko letu wanastahili sifa yao. Kampuni ya Transsion ya China, yenye majina ya Tecno, Infinix na itel, iliingia Afrika ikiwa na laini mbili kwenye simu moja, betri kubwa na kamera zilizorekebishwa ili zisiifiche ngozi nyeusi gizani. Walioitangulia walikuwa bado wanatuuzia simu zilizobuniwa kwa ajili ya watu wengine. Lakini betri ya lithiamu ina umri hata ikiwa kubwa: kwa kawaida baada ya mizunguko kama 500 hadi 800 ya chaji uwezo wake hushuka hadi asilimia 80. Anayechaji mara moja kwa siku hufika 500 ndani ya mwaka mmoja na miezi mitano. Ndiyo maana bei ya betri nyingine, kioo kingine na mfumo wa kuchajia ni sehemu ya bei ya simu, ingawa muuzaji haitaji. Simu iliyoenea mtaani vipuri vyake vimejaa Kariakoo na kwenye Barabara ya Luthuli jijini Nairobi, na fundi yeyote ameshaifungua mara mia. Toleo adimu lililoletwa na ndugu kutoka nje, hata liwe bora, likipasuka kioo linaweza kulala wiki tatu likisubiri mzigo. Kwenye vipuri, basi, simu za kawaida za madukani mwetu huzishinda nyingi zinazosifiwa kwenye mitandao.

Zinaposhindwa ni kwenye cha tatu, ambacho winga hana sababu ya kukitaja: masasisho ya usalama. Samsung ilipotoa Galaxy A16 mwaka 2024 iliahidi miaka sita ya masasisho kwa simu ambayo si ya matajiri, na Google iliahidi saba kwa Pixel 8 mwaka 2023. Simu nyingi za bei ya chini hupata ahadi fupi zaidi, au hazina ahadi yoyote ya maandishi. Wapo watakaosema hayo ni mambo ya wataalamu, mama lishe anataka kupiga, kutuma pesa na kuona picha za wajukuu. Pingamizi hilo lilikuwa na nguvu simu ilipokuwa ya kupigia. Leo pochi ya mama lishe, akaunti yake ya benki na kitambulisho cha mteja wake vyote vimo ndani ya kifaa hicho, na programu za fedha huacha matoleo ya zamani ya Android moja baada ya jingine. WhatsApp yenyewe haifanyi kazi chini ya Android 5 tangu Januari 2025. Mfano mchungu zaidi ni wa simu za mfumo wa KaiOS, zile zilizouzwa hapa kama vitochi vyenye akili: kuanzia Juni 2024 WhatsApp haikupatikana tena kwa wanaoanza, na waliokuwa nayo walipewa hadi mapema 2025. Simu zilikuwa nzima, batani hazijafutika na chaji inakaa siku tatu, ila kazi zilizonunuliwa kuifanya ilikuwa imeondoka.

Hapo ndipo wateja wengi hujibu kwa kuukimbilia mtumba wa Dubai: kwa laki tano, wanasema, napata simu iliyokuwa ya milioni mbili miaka minne iliyopita. Hoja hii haina ujinga ndani yake. Kamera ni bora, umbo ni imara, na sehemu kubwa ya thamani imeshashuka mikononi mwa mwingine. Lakini kanuni ya miezi inauhukumu mtumba kwa ukali uleule. Miaka minne iliyopita ndiyo iliyokula masasisho, na betri ya ndani ama imechoka ama imebadilishwa na mtu usiyemjua. Kuna mtego mwingine kwa iPhone zinazotoka Marekani: kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022, matoleo ya huko hayana kabisa tundu la laini, yanategemea laini ya kielektroniki, wakati mteja wetu amezoea kuchomoa chipu ya mtandao mmoja na kuchomeka ya mwingine kulingana na bando la siku. Nyingine zimefungwa na mtandao wa huko au zina akaunti ya mmiliki wa kwanza. Kabla fedha haijatoka, IMEI, namba ya utambulisho wa simu, ioneshwe kwa *#06#, na kwa Tanzania itumwe kwenye 15090 ili jina la simu linalorudi lilinganishwe na lililoandikwa mgongoni. Waliokuwa na simu bandia usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilipozizima, hawahitaji maelezo ya ziada.

Pingamizi zito kuliko yote ni la mfuko. Ni rahisi kumwambia dereva wa bodaboda kwamba laki nne na nusu ni nafuu kuliko mbili na nusu, ilhali laki mbili na nusu ndizo alizonazo. Umaskini hulazimisha kununua kidogo kidogo, na soko limelijibu hilo kwa mkopo. Kampuni ya M-KOPA ilianza na taa za sola ikahamia kwenye simu. Safaricom na Google walizindua Lipa Mdogo Mdogo nchini Kenya mwaka 2020 kwa malipo ya shilingi 20 za Kenya kwa siku. Malipo ya kila siku yanafanana na kipato cha kila siku, na hilo ni jambo ambalo benki zimechelewa kulielewa. Hata hivyo mkopo unaziba pengo la leo kwa kupandisha jumla. Kwa mfano wa hesabu tu, si wa kampuni yoyote, simu ya 350,000 kwa kianzio cha 60,000 na shilingi 1,300 kila siku kwa mwaka hufikia 534,500. Ukikosa malipo simu hujifunga, na kama ndiyo inayokuletea abiria, imejifunga pamoja na chanzo cha malipo yenyewe. Mkopo wa namna hiyo una maana pale tu simu itakapoishi muda mrefu kuliko deni. Kumaliza kulipa mwezi wa 12 kitu kinachokufa mwezi wa 15 ni kupangisha, wala si kununua. Kwa hiyo anayekopa ndiye anayepaswa kuchagua zaidi simu ya kudumu.

Serikali na kampuni nazo zimekuwa zikipigana na bei ya boksi. Tanzania iliziondolea simu janja kodi ya ongezeko la thamani katika bajeti ya 2021/22, na mwaka uliofuata msamaha huo ukafutwa. Kenya ilifungua kiwanda cha kuunganisha simu Athi River mwezi Oktoba 2023, baada ya Rais William Ruto kuzungumzia simu ya dola 40. Zilizotoka kiwandani ziliuzwa shilingi 7,499 na 8,999 za Kenya, juu ya lengo hilo, kwa sababu kioo, chipu na kumbukumbu bado vinatoka Asia kwa dola. Kushusha bei kunawatoa watu kwenye kitochi, na hakuna sababu ya kulibeza hilo. Ila simu ya dola 40 yenye hifadhi inayojaa ndani ya miezi sita na mfumo usiosasishwa inamrudisha mtu dukani mapema, na nchi inaagiza simu mbili mahali pa moja.

Mahitaji, bila shaka, hayafanani, na kipimo cha miezi kinaanza kwa kuuliza kazi. Dereva wa bodaboda wa mtandaoni anahitaji kioo kinachosomeka juani, GPS inayoshika haraka na betri. Kamera ya mbele haimletei abiria. Muuza vitenge anayetangaza Instagram anahitaji kamera ya nyuma na hifadhi. Mwanafunzi anahitaji RAM ya kweli. Mzee wa kijijini anayetuma na kupokea pesa kwa menyu za mtandao anaweza kubaki na kitochi bila aibu, maana M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 bila kuhitaji simu janja. 5G, iliyoanza kibiashara kwa Vodacom Tanzania na Safaricom mwaka 2022, haifai kuongezewa hata elfu hamsini na mtu anayeishi nje ya miji mikubwa. 4G nzuri ndiyo atakayoitumia.

Kinachokosekana dukani ni taarifa. Umoja wa Ulaya, kuanzia tarehe 20 Juni 2025, unawataka watengenezaji wa simu kutoa masasisho kwa angalau miaka mitano baada ya toleo kuacha kuuzwa, vipuri kwa miaka saba, betri inayobaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 800, na lebo inayoonesha daraja la urahisi wa kutengeneza. Kopo la maziwa ya watoto hapa haliruhusiwi kukaa rafuni bila tarehe ya mwisho, lakini simu ya laki tatu inauzwa bila neno juu ya mwezi ambao masasisho yake yatakoma. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) na TCRA zingeweza kudai mstari mmoja tu kwenye boksi. Kwa sasa mteja hana budi kuuliza mwenyewe, na kwa masasisho winga mara nyingi hatakuwa na jibu. Kwa vipuri, fundi wa meza ya pembeni anaweza kufungua droo yake na kuonesha ni vioo vya simu zipi vimejaa humo, na vipi ni vya kuagiza.