Boma Lililohamwa: Anwani Iliyopitwa na Wakati katika Kumbukumbu ya Kompyuta

Bonde la Olbalbal liko chini ya nyanda za juu za Ngorongoro, mahali ambapo maji ya Korongo la Olduvai hukomea. Wakati wa masika maji hutuama na majani huota. Kiangazi kikifika ardhi hukauka na kupasuka, na upepo hubeba vumbi. Wafugaji wa Kimasai waishio huko wamezoea kuhamahama na mifugo yao kwa kufuata maji na malisho. Kwa sababu hiyo wanalifahamu vizuri jambo ambalo limewasumbua sana wataalamu wa kompyuta, nalo ni kwamba mahali hubaki palepale, lakini mwenye mahali hubadilika.

Tuchukue mfano. Mzee anamwagiza kijana aende kwenye boma la tatu kutoka kisimani, na ndama wote atakaowakuta humo awakate alama ya ukoo masikioni. Kijana anapitia machungani kwanza, na anakawia majuma kadhaa. Huku nyuma jamaa zake wamehama, na jamaa wengine wamekuja kukaa katika boma lilelile. Kijana hakupelekewa habari. Anafika, anahesabu maboma matatu, anaingia na kutimiza agizo. Ndama wa watu wengine sasa wana alama ya ukoo wake. Kijana hakupotea njia wala hakukosea hesabu. Agizo lilitaja mahali tu, na halikumtaja mwenyewe. Hapana shaka Mmasai halisi angemtambua mwenye ng'ombe kabla ya kuchomoa kisu. Kompyuta haina macho ya namna hiyo.

Kosa la aina hii ndilo lililoshangiliwa na umati wa watu katika jimbo la Minnesota, nchini Marekani, katikati ya mwaka 2022. Huko hufanyika tamasha liitwalo Summer Games Done Quick, ambamo watu hukutana kwa muda wa juma zima kuonyeshana ustadi wa kumaliza michezo ya video kwa haraka. Tamasha huonyeshwa moja kwa moja kwa watazamaji wa dunia nzima, mchana na usiku, na watazamaji huchangia fedha. Mwaka huo michango ilipita dola milioni 3, nayo ilikwenda kwa Madaktari Wasio na Mipaka. Miongoni mwa mambo yaliyoonyeshwa palikuwa na onyesho moja juu ya mchezo uitwao The Legend of Zelda: Ocarina of Time, uliotolewa na kampuni ya Nintendo ya Japani mnamo Novemba 1998. Onyesho hilo halikukusudiwa kushindana na saa. Lilikusudiwa kuulazimisha mchezo huo wa zamani utende mambo ambayo watengenezaji wake hawakuyaweka ndani yake, bila ya mtu yeyote kuifungua mashine wala kuigusa kaseti ya mchezo.

Ili msomaji aelewe jinsi jambo hilo lilivyowezekana, ni lazima kwanza aifahamu kumbukumbu ya kompyuta, na mahali pazuri pa kuanzia ni kwenye bao. Wazee wa Kimasai hucheza bao lao waliitalo enkeshui, na pwani huchezwa bao la Kiswahili lenye mashimo 32 na kete 64. Kumbukumbu ya kompyuta yaweza kufikiriwa kuwa ni bao refu mno lenye safu moja. Mashine ya Nintendo 64, ambayo ndiyo iliyotumika katika onyesho lile, ina kumbukumbu ya megabaiti 4, inayoweza kuongezwa hadi 8. Hii ni sawa na bao la mashimo 4,194,304, au mara mbili ya hayo. Kila shimo lina namba yake, ambayo huitwa anwani, na laweza kuwa tupu au kuwa na kete zozote hadi 255. Hakuna kitu kingine ndani ya kumbukumbu ila idadi hizo za kete.

Je, kete 36 katika shimo fulani zina maana gani? Zenyewe hazina maana yoyote. Huenda ni umri wa shujaa wa mchezo, au urefu wa ukuta, au herufi katika jina la mchezaji. Huenda pia ni sehemu ya amri inayoiambia mashine ijumlishe namba mbili au irukie mahali pengine. Mpango huu wa kuziweka amri na vitu vinavyoamriwa katika ghala moja ulielezwa katika taarifa iliyoandikwa na John von Neumann mwaka 1945, na kompyuta ya kwanza iliyohifadhi programu yake kwa njia ya elektroniki ilianza kazi huko Manchester, Uingereza, tarehe 21 Juni 1948. Ulikuwa uvumbuzi mkubwa, kwa maana uliiwezesha mashine moja kufanya kazi za kila aina bila kuunganishwa nyaya upya. Lakini una gharama yake. Mashine ikielekezwa kwenye shimo lolote na kuambiwa kwamba humo mna amri, itatii, hata kama zilizomo ni herufi za jina la mtu.

Sasa turudi kwenye boma lililohamwa. Katika mchezo wa Ocarina of Time shujaa anaweza kubeba vitu, tuseme jiwe. Programu hukumbuka kitu alichokibeba kwa kuandika anwani yake: jiwe liko katika shimo namba kadhaa. Kila shujaa anapotembea na jiwe kichwani, mashine huenda kwenye anwani ile na kuandika humo namba za mahali pa jiwe na pembe linayoelekea. Shujaa akivuka kutoka sehemu moja ya mchezo kwenda nyingine, vitu vya sehemu ya kwanza huondolewa na mashimo yao hupewa vitu vipya. Kwa kawaida shujaa hunyang'anywa kile alichobeba kabla ya hapo. Hata hivyo, wachezaji waligundua kwamba kwa kuzifuatanisha hatua fulani kwa namna ya pekee inawezekana kuvuka huku jiwe likiwa limekwisha ondolewa, na shujaa bado ameshika anwani yake. Mikononi hana kitu, ila mashine inaamini kwamba anacho. Inaendelea kuandika pembe za jiwe lisilokuwapo katika mashimo ambayo sasa ni ya kitu kingine kabisa. Ndama wa watu wanatiwa alama.

Mbinu hiyo ilianza kutumiwa katika mchezo huu mwaka 2019. Nguvu yake ni kwamba namba inayoandikwa kwa makosa yaweza kuchaguliwa. Mchezaji akimgeuza shujaa kidogo tu, pembe hubadilika, na pembe si chochote ila namba. Namba hiyo ikiangukia katika shimo ambalo mashine hulitazama ili ijue amri inayofuata iko wapi, basi mchezaji ameishika hatamu ya mashine nzima. Anaweza kuirusha mpaka kwenye mashimo aliyoyajaza yeye mwenyewe.

Naye atayajaza kwa njia gani, ikiwa mashine haifunguliwi? Jibu la swali hili ndilo lililowafanya watu wengi walipende onyesho lile. Mashine ina matundu manne ya kuchomekea vidhibiti, yaani vile vidude vyenye vifungo vinavyoshikwa na wachezaji. Kila mashine inapokisoma kidhibiti kimoja hupokea biti 32: kila kifungo ni biti moja, ama kimebonyezwa ama hakikubonyezwa, na fimbo ya kuelekezea hutoa namba mbili. Hizo ni baiti nne, yaani mashimo manne yamejazwa. Vidhibiti vinne hujaza mashimo kumi na sita. Kwa mkono wa mwanadamu hayo ni machache. Lakini kikundi cha TASBot, kilichoanzishwa na Allan Cecil, kina mashine inayojifanya kuwa kidhibiti na kubonyeza vifungo kwa kasi na usahihi ambao vidole haviwezi kuufikia.

Kazi iligawanywa hivi. Mchezaji ajulikanaye kwa jina la Savestate aliucheza mchezo kwa mikono yake, mbele ya watu, hadi akafanikiwa kuivuka ile hatua ya hatari. Kosa dogo la pembe lingetosha kuugandisha mchezo, na jukwaani hapana nafasi ya kurudia kwa faragha. Baada ya hapo vidhibiti vya TASBot vilianza kusema. Amri za kwanza zilizopitishwa katika mashimo yale machache zilikuwa na kazi moja tu, kuiambia mashine ivisome vidhibiti mara nyingi zaidi. Kwa mlango huo uliopanuliwa ikaingizwa programu kubwa zaidi, na kwa programu hiyo ikaingizwa nyingine. Ni kama mtu aliyeingiza ukucha katika ufa, kisha kidole, kisha mkono, mwisho akapitisha mlango mzima.

Waliohudhuria hawakuambiwa mapema yatakayotokea. Tangu mwaka 1998 watoto wa nchi nyingi walikuwa wamepigana porojo kwamba katika mchezo huu inawezekana kuipata Triforce, pembetatu takatifu za dhahabu zinazotajwa katika hadithi yake, na picha zilizotolewa kabla ya mchezo kukamilika zilichochea uvumi huo. Wengi walitafuta kwa miaka; haikuwapo. Siku ile shujaa alipita mahali pasipokuwa katika kaseti, akasikia muziki usiokuwa katika kaseti, na mwisho akaipata. Kisha maneno waliyokuwa wakiyaandika watazamaji majumbani mwao yakaanza kutokea ndani ya mchezo wenyewe, katika mashine iliyotengenezwa wakati ambapo hapakuwa na wazo la jambo kama hilo. Ukumbi ulipiga kelele. Wapo waliolia, na si ajabu, maana walikuwa wamekwisha kuwa watu wazima.

Haikuwa mara ya kwanza. Januari 2014 TASBot iliugeuza mchezo wa Super Mario World wa mwaka 1990, mbele ya watu, ukawa michezo mingine miwili midogo. Mwaka 2016 mchezaji mmoja Mmarekani aliufanya mchezo huohuo uwe mwingine kwa vidole vyake tu, bila msaada wa mashine. Kinachozitofautisha kazi hizi na hila za wezi ni uwazi. Wachezaji hueleza kila hatua, huandika kila anwani, na kila mwenye nia anaweza kujifunza. Mnamo Novemba 2021 kikundi cha wapenzi wa Ocarina of Time kilikamilisha kazi ya kuandika upya programu yake yote katika lugha inayosomeka na wanadamu, baada ya karibu miaka miwili ya kujitolea. Vyuo vichache vinawafundisha vijana kumbukumbu ya kompyuta kwa kina kama hicho.

Na jambo lenyewe si la mchezo tu. Mwaka 2019 kampuni ya Microsoft ilieleza kwamba kiasi cha asilimia 70 ya nyufa za usalama inazoziba kila mwaka zinatokana na makosa katika kuitumia kumbukumbu. Mwaka 2020 Google ilitoa kiasi hicho hicho kwa kasoro kubwa za programu yake ya Chrome, na karibu nusu ya hizo zilikuwa za aina ileile ya jiwe lisilokuwapo: programu imeshika anwani ya kitu kilichokwisha ondolewa. Pale ambapo mchezaji huingiza pembetatu za dhahabu, mwizi huingiza programu ya kupeleleza.

Hapa ndipo Olbalbal inapohusika. Mfugaji aliyeuza ng'ombe mnadani leo aweza kulipwa kwa simu. Inafaa kusema wazi kwamba wizi mwingi wa fedha za simu hauhitaji elimu yoyote ya kumbukumbu. Unatosha ujumbe usemao, "Ile hela itume kwenye namba hii," na mtu aliyekuwa kweli na hela ya kutuma anatuma. Yeye naye alishika anwani bila kumwuliza mwenyewe. Tena mwenye kitochi, anayebonyeza namba na kujibiwa kwa maandishi, hana programu nyingi za kuvunjwa. Hesabu yake iko katika kompyuta za kampuni. Hatari ya kasoro za kumbukumbu inamkabili zaidi mwenye simu janja, hasa aliyeinunua ikiwa imekwisha tumika.

Dawa ipo. Lugha mpya za kuandikia programu, kama vile Rust, hukataa tangu mwanzo programu yoyote inayoendelea kushika anwani ya kitu kilichoondolewa. Google ilieleza kwamba katika mfumo wake wa Android sehemu ya nyufa zitokanazo na kumbukumbu ilishuka kutoka asilimia 76 mwaka 2019 hadi asilimia 35 mwaka 2022, kwa sababu sehemu kubwa ya programu mpya iliandikwa kwa lugha za namna hiyo. Lakini marekebisho hayo huzifikia simu ambazo watengenezaji wake bado wanazihudumia. Simu ikishapita umri huo haipelekewi tena chochote. Inaendelea kuita, kupiga picha na kupokea fedha, huku nyufa zake zikiwa zimekwisha andikwa hadharani kwa kila anayetaka kuzisoma. Simu za namna hiyo ni nyingi katika masoko ya Karatu na Arusha, na bei yake ndiyo inayowezekana.