Isiolo yatazama pembeni, biashara iko katikati

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 268,002 katika kaunti nzima ya Isiolo, na 268,276 katika kaunti ndogo ya Kamukunji jijini Nairobi. Idadi ni karibu sawa, ila Isiolo ina zaidi ya kilomita 25,000 za mraba na Kamukunji haifiki hata 11. Ndani ya Kamukunji kuna mtaa wa biashara wa Eastleigh, na wafanyabiashara wa Isiolo wanaijua vyema kwa sababu maziwa yao mengi ya ngamia huishia huko.

Maziwa hayo huingia mjini Isiolo asubuhi katika madumu ya manjano, kwa bodaboda na magari, kutoka kwenye maboma ya wafugaji. Kina mama wa ushirika wa Anolei huyakagua, huyachuja, huyapoza, kisha huyapakia kwenye basi la Nairobi. Kwa joto la Isiolo kila saa ina gharama, kwa hiyo faida yao inategemea ukaribu wa mpokeaji, friza na steji ya basi. Hali ni hiyo hiyo kwa muuza nyirinyiri, ile nyama iliyokaushwa, ikakatwa vipande vidogo na kuhifadhiwa ndani ya mafuta, ambaye mteja wake mkubwa ni msafiri. Dalali wa mbuzi wanaopelekwa soko la Kiamaiko, Nairobi, naye hupata bei ya siku pale wenzake walipokusanyika.

Kwa miaka mingi lami ilikomea Isiolo. Malori yalilala hapo kabla ya kuikabili barabara ya vumbi ya kaskazini, na mji ukajipatia riziki kwa vyumba vya kulala, mafundi, mafuta na chakula. Sasa lami inafika Moyale, takriban kilomita 500 mbele, na dereva anaweza kupita Isiolo bila hata kushuka. Sababu ya kusimama haipo tena barabarani. Lazima itoke kwenye mji wenyewe.

Mipango mikubwa, hata hivyo, inatazama pembeni. Uwanja wa ndege uliofunguliwa 2017 una njia ya kurukia ya karibu kilomita 1.4, fupi mno kwa ndege kubwa za mizigo zilizotarajiwa kubeba nyama na miraa. Machinjio ya kisasa yalisuasua kwa zaidi ya muongo mmoja. Mji wa kitalii wa Kipsing, sehemu ya mradi wa uchukuzi wa LAPSSET uliozinduliwa Lamu 2012, umepandisha zaidi tamaa ya viwanja kuliko kuleta ajira.

Si kwamba Isiolo ina nafasi ya kutapanyika ipendavyo. Ardhi ya jeshi inaubana mji, na mpaka wake na Meru una mzozo wa miaka mingi. Busara ingekuwa kujenga kwenda juu katikati ya mji, lakini hapo ndipo penye kikwazo ambacho nakiona kikubwa kuliko vyote: wamiliki wengi wameshikilia barua za kugawiwa kiwanja tu, bila hatimiliki. Benki haikubali barua hiyo kuwa dhamana, na mwenye kiwanja bila mkopo hujenga vibanda vya mabati, basi. Thamani ya eneo inapanda, majengo yanabaki chini.

Eastleigh yenyewe haikuanza na maduka ya fahari. Garissa Lodge ya huko ilikuwa nyumba ya wageni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vyumba vyake vikageuzwa maduka, kila mchuuzi na chumba chake, na wateja wakafuata. Biashara hiyo ilihitaji jengo lililokuwepo tayari, mahali watu wanapopita.

Kabla ya kupimwa kiwanja kingine kando ya barabara ya Moyale, wenye ploti za Bulla Pesa na Wabera, mjini Isiolo, ambao bado wanangoja hatimiliki wapewe. Fedha zitakazofuata zielekezwe kwenye mitaro, taa za barabarani na chumba cha baridi karibu na steji, ambacho kina mama wa maziwa wangekitumia kuanzia siku ya kwanza.