Usukani wa kuundwa nyumbani: mota iliyotughuri

Likizo iliyopita kijana wetu wa kidato cha tatu alituletea ombi: badala ya kununuliwa usukani wa kuchezea mbio za magari kwenye kompyuta, aruhusiwe kuuunda mwenyewe. Alitaka ule ambao mota huusukuma mkononi, mchezaji akahisi kona, matuta na tairi linapoteleza. Tuliridhia, na kosa la kwanza tukalifanya sisi wazazi.

Tulimshauri anunue mota ya waipa za gari. Ni ya bei nafuu, ina nguvu, na haikosekani kwa wauza vipuri. Ilipofungwa, usukani ukawa mzito kana kwamba umekwama. Mjomba wake, ambaye ni fundi umeme, aliujaribu mara moja tu akatabasamu. Ndani ya mota hiyo mna gia ya mfano wa skrubu: mota huweza kuuzungusha mhimili, lakini ukiushika mhimili huwezi kuizungusha mota.

“Basi, Mjomba, tutafute yenye nguvu zaidi?”

“La, mwanangu. Tafuta inayozungushika kwa vidole.”

Tukahamia kwenye mota ya skuta ya umeme, ya volti 24 na wati 250, inayovuta kwa mkanda wa meno. Mota kama hiyo hutoa nguvu ya kuzungusha ya takriban Nm 0.8. Puli ya usukani ikiwa na meno mara 6 ya ile ya mota, usukani hupata karibu Nm 4.8, msuguano ukiwekwa kando. Kwa usukani wenye nusu kipenyo cha sm 15, ni kama kuvutwa na mzigo wa kilo 3 na ushei. Kwa kijana, inatosha.

Kihisi cha mzunguko kilikuwa cha mipigo 600, ambayo bodi huisoma kama hatua 2,400. Bodi yenyewe ni Arduino Leonardo, si Uno, kwa kuwa chipu ya Leonardo huweza kujitambulisha kwa kompyuta moja kwa moja kuwa ni usukani.

Kitu tulichokataa kubania ni kitufe chekundu cha kukata umeme wa mota. Waya wa kihisi ukichomoka, mota yaweza kuuzungusha usukani ghafla, na kidole gumba kilichopita kati ya mikono ya usukani kikaumia. Kitufe kipo mezani, mahali anapoweza kukifikia hata mdogo wake anayetazama.

Mota ya waipa haikutupwa. Dada yake ameiomba. Anasema ataiundia mashine ya kukuna nazi.