Tikiti Bivu Hujulikana kwa Dalili Zake

Katika matunda yote yauzwayo sokoni, ni machache yafichayo siri yao kama tikiti maji. Embe likiiva hunukia, papai huwa laini kidoleni, na ndizi hugeuka njano. Tikiti maji hubaki na ganda lile lile gumu, wala mnunuzi hajui kilichomo mpaka alipasue nyumbani kwake, pengine mbele ya wageni. Akikuta nyama nyeupe isiyo na ladha, aghalabu hasumbuki kulirudisha. Lakini humkumbuka aliyemwuzia, na siku nyingine hupita mbali naye.

Hasara hiyo humwanza mnunuzi, kisha humrudia mkulima. Mkungu wa ndizi uliokatwa mbichi waweza kuivishwa ghalani. Tikiti maji sivyo. Likisha kutengwa na shina lake, utamu wake hukoma pale pale. Nyama yaweza kuzidi wekundu kidogo, lakini sukari haiongezeki, kwa maana sukari hutengenezwa na majani na kufika katika tunda kwa njia ya kikonyo. Basi mkulima akataye kabla ya wakati hana namna ya kulitengeneza kosa hilo baadaye.

Tunda hili ni la Afrika tangu asili. Mbegu zake zilikutwa katika kaburi la Mfalme Tutankhamun wa Misri, lililofunguliwa mwaka 1922, naye mfalme huyo alizikwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Mwaka 2021 wataalamu walieleza ya kuwa jamaa wa karibu kabisa wa tikiti la leo ni tikiti la Kordofan, huko Sudan, ambalo nyama yake ni nyeupe wala si chungu. Wekundu na utamu mwingi vilikuja polepole, kwa kuwa wakulima wa vizazi vingi walichagua mbegu za matunda yaliyowapendeza. Kwa ajili hiyo aina zimekuwa nyingi, na dalili za kuiva hazilingani kwa zote. Atakaye kujua kama tikiti limeiva hana budi kujua kwanza ni tikiti gani.

Katika Kenya, aina zifuatazo huonekana mara kwa mara mashambani na masokoni.

Sugar Baby ni tikiti dogo la mviringo, la kilo 3 hadi 5. Ganda lake ni la kijani kilichokoza sana, na likiiva hukaribia weusi. Nyama yake ni nyekundu sana na mbegu zake ni ndogo. Huwahi kuiva, mnamo siku 75 hadi 80 tangu kupandwa, nalo lafaa kwa nyumba yenye watu wachache.

Charleston Gray ni refu, na rangi yake ni kijani cha kijivu chenye vishipa vyembamba. Lilitolewa mwaka 1954 na mtaalamu C. F. Andrus katika mji wa Charleston, Marekani. Alikusudia kupata tikiti liwezalo kustahimili ugonjwa wa mnyauko na ule wa chule, na ganda lake ni imara kwa safari ndefu. Ni tikiti kubwa, nalo huhitaji siku 85 hadi 90.

Crimson Sweet, lililotolewa Marekani mwaka 1963, ni la mviringo ulioinuka kidogo, lenye michirizi mipana ya kijani kilichokoza juu ya kijani chepesi. Muda wake wakaribia ule wa Charleston Gray, nalo husifiwa kwa utamu.

Sukari F1 ni chotara. Jina lake huwafanya wengine walidhani kuwa ndilo Sugar Baby, lakini hayafanani: Sukari F1 ni refu na lina michirizi, na Sugar Baby ni la mviringo na jeusi. Alama ya F1 yaonya jambo jingine pia. Mbegu zitolewazo katika tunda la chotara hazizai watoto walio sawa na mama yao. Mkulima akizipanda atapata shamba la mchanganyiko, wala hataweza kutabiri siku ya kuvuna. Hata aina zisizo chotara huchanganyika endapo zimepandwa karibu karibu, kwa kuwa nyuki huchukua vumbi la maua kutoka shamba hili hadi lile.

Akisha kuijua aina, mkulima na ahesabu siku. Mtikiti una maua ya kiume na ya kike, na lile la kike hutambulika kwa kitunda kidogo kilicho chini yake. Tangu siku ua hilo linapofunguka na kushika, tikiti dogo kama Sugar Baby huiva mnamo siku 35, na makubwa huiva mnamo siku 42 hadi 45. Joto huzipunguza siku hizo, na baridi na mawingu huziongeza. Njia nyepesi ni kuchomeka kijiti chenye uzi wa rangi karibu na kila tunda lililoshika: uzi mwekundu kwa juma la kwanza, mweupe kwa juma la pili, na tarehe zake ziandikwe kitabuni. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Hesabu ikikaribia kutimia, ndipo macho, mikono na masikio yafanye kazi.

Dalili ya kwanza ni doa la tumboni, yaani mahali tikiti lilipolalia udongo. Likiwa bichi, doa hilo ni jeupe au la kijani chepesi. Likiiva huwa la manjano, mfano wa siagi. Katika Sugar Baby manjano hayo huonekana wazi sana kwa sababu ganda lenyewe ni jeusi.

Dalili ya pili ni kijikamba kilichojisokota kitokacho mahali pale pale kikonyo cha tunda kishikapo mtambaa. Kikiwa kibichi, tunda nalo ni bichi. Kikikauka na kuwa cha kahawia, tunda limeiva au li karibu kuiva. Lakini hapa ndipo aina hutofautiana, kwa kuwa katika baadhi yake kijikamba hukauka juma zima kabla tunda halijawa tayari. Kadhalika, mtambaa ulioshikwa na ugonjwa hukausha vijikamba vyote hata kama matunda ni machanga.

Dalili ya tatu ni ganda kupoteza mng'ao wake. Tikiti changa hung'aa, na lililoiva hufifia.

Dalili ya nne ni sauti, nayo ndiyo ipendwayo na watu wengi. Likigongwa kwa kidole, tikiti bichi hulia kwa sauti kali, na bivu hutoa mlio mzito. Lakini lililopita wakati wake hutoa mlio mzito vile vile, na sikio lisilozoea haliwezi kupambanua. Yafaa sauti iwe shahidi wa mwisho, isiwe hakimu.

Dalili moja peke yake haitoshi. Zikipatana tatu, mkulima na achague matikiti mawili au matatu kutoka pande mbalimbali za shamba, ayapasue, na aonje nyama ya katikati. Gharama ya matunda hayo ni ndogo kuliko aibu ya kupeleka mzigo mbichi Kongowea au Marikiti. Wenye kifaa cha kupimia utamu, kiitwacho refraktometa, huweza kupata hesabu kamili: katika viwango vya serikali ya Marekani, asilimia 10 huitwa vizuri sana, na asilimia 8 vizuri.

Kwa kuwa maua hayashiki siku moja, matikiti ya shamba moja hayaivi pamoja. Hapa ndipo wengi huponzwa. Mchuuzi huja na lori, hutaka kulijaza siku ile ile, na fedha zi mkononi. Mkulima mwenye ada ya shule ya kulipa huona taabu kukataa, na matunda ya uzi mweupe hukatwa pamoja na yale ya uzi mwekundu. Afadhali wakulima majirani wapatane, kila mmoja atoe yaliyoiva tu, na lori lijae kwa matunda ya mashamba matatu kuliko kwa mabichi ya shamba moja.

Juma moja kabla ya kuvuna, maji yapunguzwe, maana maji mengi wakati huo hupunguza ladha na kupasua maganda. Kukata kufanywe kwa kisu, wala tunda lisinyofolewe, na kipande cha kikonyo kiachwe. Saa za alasiri zafaa kuliko alfajiri, kwa kuwa alfajiri tunda limejaa maji na hupasuka upesi likigongwa. Garini yalazwe juu ya nyasi kavu, yasisimamishwe.

Mnunuzi naye asione haya kuligeuza tikiti na kulitazama tumboni. Achague lililo zito kwa kadiri ya ukubwa wake, lenye doa la manjano na ganda lililofifia. Mwuzaji aliyevuna kwa wakati hatachukizwa na ukaguzi huo. Mvumilivu hula mbivu, na katika biashara ya matikiti huwauzia wenziwe mbivu, nao humrudia msimu baada ya msimu.