Mpango wa Nishati wa Taifa Uanzie Jikoni

Ukizunguka nyuma ya jiko la seminari nyingi za zamani hapa Tanzania utakuta vitu viwili: lundo la kuni na ukuta mweusi kwa masizi. Jiko hilo hulisha vijana mia mbili au mia tatu, mara tatu kwa siku. Wapishi huwasha moto kabla ya Masifu ya Asubuhi, na gari la kuni likichelewa siku chache, padre mhasibu hapati usingizi.

Mambo yamebadilika. Serikali imeagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, na ukomo wa kwanza uliowekwa ulikuwa Januari 2024. Agizo hilo limezikuta seminari, shule za bweni, hospitali na magereza katika hali tofauti. Wengine wamefunga gesi, wengine wamejenga mtambo wa bayogesi, na wengine bado wanapiga hesabu. Katika vikao vya namna hii swali huwa moja: tuhamie kwenye nishati gani, na kwa fedha ipi?

Swali hilo ndilo linaloikabili nchi nzima, na nchi nyingine nyingi zinazoendelea. Makala haya yanaeleza jinsi taifa linavyopanga kuhama kutoka nishati inayoharibu kwenda nishati endelevu, na kwa nini mpango mzuri hauwezi kuanzia kwenye mabwawa na mitambo peke yake.

Nishati ni zaidi ya umeme

Tukisikia neno nishati, wengi tunafikiria nguzo, nyaya na luku. Lakini kwa makadirio ya Serikali, zaidi ya asilimia 80 ya nishati yote inayotumika Tanzania inatokana na kuni, mkaa na mabaki ya mimea, na sehemu kubwa inaishia chini ya sufuria. Umeme ni kipande kidogo tu cha hesabu hiyo. Kaya nyingi zina taa ya umeme sebuleni na mafiga matatu uani.

Gharama ya hali hii inaonekana mahali pawili. Kwanza ni kwenye mapafu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani, inayotokana zaidi na moshi wa kupikia, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Kwa Tanzania, takwimu za Serikali hutaja watu wapatao 33,000 kwa mwaka. Wengi wanaovuta moshi huo ni akina mama, pamoja na watoto wanaobebwa mgongoni wakati wa kupika. Pili ni kwenye misitu. Takwimu za kitaifa zinaonyesha kuwa nchi hupoteza hekta zipatazo 469,000 za misitu kila mwaka, na ukataji wa mkaa na kuni ni mojawapo ya sababu, pamoja na upanuzi wa mashamba.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya mpango wowote ni kuhesabu kwa ukweli: nani anatumia nini, kwa kazi gani, na kwa bei gani. Taifa linalohesabu megawati pekee litajisifu kuwa limefika, huku mama wa kijijini akiendelea kutembea saa mbili kutafuta kuni. Ndiyo maana Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Mei 2024, una umuhimu wa pekee. Umeweka lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia, wakati mwanzoni mwa muongo huu walikuwa chini ya asilimia 10.

Safi na endelevu si kitu kimoja

Hapa inafaa tutofautishe maneno mawili yanayochanganywa mara nyingi. Gesi ya mitungi ni safi kwa mpishi kwa sababu haitoi moshi wala masizi. Lakini ni mafuta ya ardhini, huagizwa kutoka nje kwa fedha za kigeni, na bei yake hupanda na kushuka kufuata masoko ya dunia. Nishati endelevu ni ile inayojijaza tena, kama jua, maji, upepo, joto la ardhi, na bayogesi inayotokana na kinyesi cha ng'ombe.

Je, gesi ni kosa? La. Kwa mama anayekohoa leo, mtungi ni ukombozi, na hatuna haki ya kumwambia asubiri mpaka umeme wa jua umfikie. Mpango wenye busara huichukua gesi kama daraja: unajua unaanzia wapi, unaelekea wapi, na hujengi nyumba ya kudumu juu ya daraja. Mpango usiosema lini na kwa njia gani taifa litavuka utatuacha tukitegemea meli za gesi kama tulivyotegemea malori ya mkaa.

Usiweke mayai yote kwenye kapu moja

Hatua ya pili ni kuchanganya vyanzo. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lina mitambo tisa, kila mmoja wa megawati 235, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza ulianza kuzalisha Februari 2024. Kiasi hicho kinazidi mahitaji ya juu kabisa ya gridi ya taifa kama yalivyokuwa mwaka 2023. Ni kazi kubwa, na nchi ina haki ya kushukuru.

Lakini walio na umri wa kutosha wanakumbuka mgao wa umeme wa mwaka 2006 na ule wa 2011, mvua zilipopungua na maji ya Mtera kushuka. Majirani zetu wa Zambia walionja hayo kwa uchungu zaidi mwaka 2024. Ukame ulishusha sana maji ya ziwa la bwawa la Kariba, na miji ikakaa gizani kwa saa nyingi kila siku. Sasa maji yanatupatia zaidi ya nusu ya uwezo wetu wa kuzalisha umeme. Hali ya hewa ikibadilika, nguvu yetu ndiyo itakayokuwa udhaifu wetu.

Dawa ni kuwa na vyanzo visivyougua kwa wakati mmoja. Wakati wa kiangazi, maji yakipungua, jua huwaka sana. Ndiyo maana mradi wa umeme wa jua wa megawati 150 huko Kishapu, mkoani Shinyanga, una maana kuliko ukubwa wake. Kenya nayo imekuwa ikichota joto la ardhi huko Olkaria, karibu na Naivasha, tangu 1981, ilipoanza na mtambo wa megawati 15 tu. Leo jotoardhi ndilo chanzo kikuu cha umeme wa nchi hiyo, na halijali mvua. Siri ya Kenya ilikuwa uvumilivu, na uamuzi wa Serikali kubeba yenyewe hasara ya kuchimba visima ambavyo huenda visitoe mvuke, kwa kuwa wawekezaji binafsi huogopa hatua hiyo. Tanzania ina Bonde la Ufa lile lile. Uchunguzi unaendelea katika maeneo kama Ngozi, mkoani Mbeya.

Umeme usio na njia haumfikii mtu

Hatua ya tatu ni nyaya, na hapa ndipo mipango mingi hujikwaa. Kando ya Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kenya, ilijengwa mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310. Mitambo ilikamilika mwaka 2017. Njia ya kusafirisha umeme huo kwa zaidi ya kilometa 400 ilichelewa, ikakamilika mwaka 2018. Katika muda huo mapanga yalisimama bure, na mkataba ukaitaka Serikali kulipa fidia ya mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao hakuna aliyeutumia.

Funzo ni kwamba chanzo, njia ya kusafirisha na mteja lazima vipangwe pamoja, kama vile mtu hanunui tairi mwaka huu na gari mwaka kesho. Ushirikiano wa majirani nao husaidia: tangu mwishoni mwa 2024 gridi za Kenya na Tanzania zimeunganishwa kwa laini ya kilovoti 400, hivyo nchi moja ikipungukiwa, nyingine inaweza kuikopesha.

Bei ndiyo inayoamua

Hatua ya nne ni bei. Kuunganishiwa umeme kijijini kumegharimu shilingi 27,000, kwa msaada wa fedha za Wakala wa Nishati Vijijini. Bado ukipita vijijini utaona nyumba nyingi zilizo chini kabisa ya nyaya lakini hazina umeme, au zinao kwa taa mbili na chaji ya simu.

Chukua mfano mdogo. Sufuria ya umeme ya presha huivisha maharage kwa chini ya uniti moja, na kwa familia nyingi za mjini hiyo ni nafuu kuliko mkaa wa pishi hilo. Lakini kaya zenye matumizi madogo hulipia bei nafuu mradi zisizidi uniti 75 kwa mwezi. Familia ikianza kupikia umeme kwa bidii, inaweza kuvuka mpaka huo na kujikuta kwenye bei ya juu. Hivyo sera moja inasema, "pika kwa umeme," na nyingine inamwadhibu aliyetii. Mpango wa taifa ni pamoja na kuzikalisha sera hizo meza moja.

Kikwazo kingine ni fedha ya mara moja. Maskini hununua mkaa wa kopo kwa sababu ana pesa ya kopo tu, ingawa kwa mwezi analipa zaidi ya jirani yake mwenye mtungi. Anahitaji njia ya kulipa kidogo kidogo, kama alivyozoea.

Wanaoachwa nyuma ya mpango

Hatua ya tano husahaulika zaidi. Mwaka 2022 Afrika Kusini ilifunga kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha Komati. Kiufundi kazi ilifanyika, lakini uchunguzi uliofuata ulionyesha kuwa wafanyakazi na wenyeji hawakuandaliwa vya kutosha kwa maisha baada ya kufungwa, na mji uliotegemea kituo hicho ukalalamika.

Kwetu Komati iko barabarani, kwenye magunia ya mkaa yaliyopangwa kando ya njia kuu. Nyuma ya kila gunia kuna mchomaji, mbebaji, mwenye baiskeli au bodaboda, na mama anayeuza kwa kopo. Tukipiga marufuku mkaa bila kuwaandalia shughuli nyingine, tutakuwa tumesafisha hewa kwa jasho la watu walio chini kabisa. Kazi za kutengeneza mkaa mbadala, kujenga mitambo ya bayogesi, kufunga na kukarabati sola zinaweza kuwa zao, mradi mafunzo yatangulie marufuku.

Papa Fransisko, katika waraka wake *Laudato Si'* wa mwaka 2015, aliugusa usawa huu katika namba 172. Anafundisha kuwa nchi maskini zina wajibu wa kwanza wa kuondoa umaskini wa watu wao, na pia zitafute njia zisizochafua za kuzalisha nishati. Lakini zinahitaji msaada wa nchi zilizotajirika kwa kuichafua dunia. Mzigo una wabebaji wawili, na hakuna anayeruhusiwa kuuweka chini. Mwaka 2024 yeye mwenyewe alitoa barua ya kuagiza kujengwa mtambo wa jua huko Santa Maria di Galeria, nje ya Roma, ili kukidhi mahitaji ya umeme ya Vatikano.

Turudi jikoni

Sasa tunaweza kujibu swali la kikao chetu. Seminari au parokia ikitaka kuhama, ifuate hatua zile zile za taifa. Wiki mbili za mwanzo, pimeni: kuni kiasi gani, za kupikia nini, kwa shilingi ngapi, mkihesabu na kuni za shamba lenu ambazo mnadhani ni za bure. Changanyeni vyanzo: bayogesi kama mna ng'ombe na nguruwe, gesi kwa chakula cha haraka, umeme kwa maharage na chai. Kagueni nyaya kabla ya kununua majiko, kwa maana jengo la miaka ya 1960 halikufungwa waya kwa kazi hiyo. Wekeni akiba ya matengenezo tangu siku ya kwanza. Mitambo ya bayogesi iliyokufa katika taasisi zetu mara nyingi ilikosa mtu wa kuilisha na kuitunza. Na yule mzee aliyewaletea kuni miaka ishirini, muiteni kabla hamjamwachisha. Huenda ndiye atakayesimamia miche ya msitu wenu au kulisha mtambo.

Jumuiya ndogo ndogo nazo zinaweza kuweka mfuko wa kupokezana majiko, kama zinavyofanya kwa misiba na harusi.

Mpango wa taifa utaandikwa Dodoma, na ni haki yetu kuuliza umeandikwa nini. Lakini utapimwa alfajiri, mpishi anapoingia jikoni. Siku atakapowasha moto bila kukohoa, kwa nishati ambayo taasisi inaweza kuilipia mwezi huu na mwaka ujao, ndipo tutajua kuwa mpango umefika.